Bweni lina bei, jicho la mtoto halina

Bweni likiungua katika shule ya upili huku Nyanza au kule Bonde la Ufa, hesabu hutoka upesi. Bodi ya shule inakutana, fundi anapima mabati na vitanda vilivyoteketea, na muda si muda wazazi wanapokea ujumbe kwenye simu: mwanafunzi arudi akiandamana na mzazi, mkononi stakabadhi ya benki ya shilingi elfu kadhaa. Aliyewasha kiberiti na aliyekuwa amelazwa hospitalini usiku huo wanalipa sawa. Wazazi wananung'unika langoni, wanampigia simu shangazi aliye Nairobi, wanalipa. Uhalali wa malipo hayo ya jumla ni mjadala wa siku nyingine. Leo nataka tuitazame kasi yake tu.

Sasa mtoto apigwe jiwe la jicho na mtoto mwenzake, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi ya umma. Hakuna kikao wala ujumbe. Mwalimu mkuu atasema watoto walikuwa wakicheza. Mzazi wa aliyerusha atasema mwanawe alitoka nyumbani mzima na mambo yametokea mikononi mwa walimu. Polisi watasema aliyerusha ni mdogo mno kushtakiwa. Atakayelipa nauli, kitanda na dawa ya matone ni mama wa aliyeumia, ambaye hakuwepo, hakurusha kitu, wala halipwi mshahara wa kuchunga watoto wa watu.

Wengi hudhani mambo huishia hivyo kwa sababu sheria iko kimya. Haiko kimya. Inajua kumtafuta mwenye kosa, na mara nyingi ikimtafuta kwa uaminifu hufika katika ofisi ya shule kabla ya kufika nyumbani kwa mvulana. Inachokosa ni mfuko. Tumempa kila mtu katika kisa hiki nafasi ya kulaumiwa, na hatukumpa yeyote pesa za kulipa.

Kuna jambo linalowashangaza wazazi. Nchini Kenya, kuwa baba au mama wa mtoto aliyemwumiza mwenzake hakukufanyi mdaiwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaorodhesha majukumu ya mzazi, yakiwemo malezi, chakula, makao, elimu na ulinzi, lakini haimgeuzi kuwa mdhamini wa kila kosa la mwanawe kwa jirani. Palipo na pengo, Sura ya 8 ya sheria zetu, inayoziambia mahakama zifuate sheria zipi, inaturudisha kwenye kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Maamuzi ya Waingereza yaliyokuja baadaye hayawafungi majaji wa Kisumu au Nakuru, ila huyasoma na kuyatumia. Na kanuni yenyewe ni hii: mzazi hujibu uzembe wake mwenyewe. Kosa la mtoto ni la mtoto.

Ndiyo kusema mdaiwa wa kwanza ni mtoto. Katika kesi ya fidia hakuna umri wa chini unaomkinga. Anashtakiwa akiwa na mtu mzima wa kumsimamia mahakamani, kama vile mtoto aliyeumia anavyoshtaki kupitia mzazi au rafiki mzima. Lakini mizani atakayopimiwa ni ya kitoto. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Australia ilisikiliza kesi ya mvulana wa miaka 12 aliyerusha chuma chenye ncha kwenye nguzo. Kikaponyoka kikampata msichana wa miaka 9 kwenye jicho. Majaji wakasema asipimwe kwa akili ya mtu mzima, na akaachiliwa. Katika kesi ya Uingereza iliyochapishwa mwaka 1998, wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wakipigana upanga kwa rula za plastiki darasani. Rula ikavunjika, kipande kikamwingia mmoja jichoni. Mahakama ya Rufaa ikauliza kama msichana wa kawaida wa umri ule angeona hatari hiyo mapema, na jibu likawa hapana. Mlalamikaji akaondoka bila kitu.

Mtu anaweza kuona ukatili katika maamuzi hayo. Mimi naona ukweli: mtoto wa miaka 11 kuona mbali ni bahati. Hata angepatikana na hatia, mali yake ni sare, daftari na labda kuku mmoja aliyepewa na nyanya. Hukumu dhidi yake ni karatasi ya kuweka kabatini.

Basi tumwendee mzazi. Uzembe wake hutafutwa mahali pawili: alichompa mtoto, na alichokijua akanyamaza. Kuna kesi mbili za Kiingereza zinazofaa kusomwa pamoja. Mwaka 1952 baba mmoja alimruhusu mwanawe wa miaka 13 kuwa na bunduki ya upepo kwa sharti kwamba aitumie katika chumba cha chini ya nyumba tu. Kijana akaitoa nje, akamwumiza mtoto mdogo jicho. Baba hakuwajibishwa, kwa sababu sharti lake lilikuwa la busara na alikuwa na sababu ya kuamini linafuatwa. Mwaka 1959 baba mwingine alimwachia mwanawe wa miaka 12 bunduki ya kuwindia, akamkataza kuitoa shambani, lakini hakumfundisha namna ya kuishika penye watoto wengine. Mtoto mwingine akaumia, na safari hii baba akalipa. Mahakama ilimwona kama mtu aliyekataza tu, akijua kijana mwenye bunduki haishi peke yake. Huko Michigan nchini Marekani mambo yamefika hata jela: mwaka 2024 James na Jennifer Crumbley walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15 kila mmoja, baada ya mwana wao kuua wanafunzi wanne shuleni mwaka 2021 kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake. Hata huko kosa halikuwa kuzaa, bali kumpa bunduki mtoto waliyeona dalili zake.

Sisi huku hatugawi bunduki. Tuna manati. Kisa ninachokitoa hapa ni cha kubuni, ila sidhani kuna mwalimu wa Nyalenda mjini Kisumu au wa Kaptembwo mjini Nakuru atakayekiona kigeni. Mvulana wa gredi ya sita, umri miaka 11, ana manati ya panda la mpera, mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya bodaboda, na kipande cha ngozi kilichong'olewa kwenye ulimi wa kiatu. Wakati wa mapumziko analenga embe. Jiwe linagonga tawi, linapinda njia, linampata msichana wa gredi ya tatu aliyeinama bombani kunywa maji.

Kama alitengeneza manati yenyewe jana usiku, akaificha chini ya vitabu, baba yake hana kesi ya kujibu, hata kijiji kizima kiseme hajui kulea. Kama baba ndiye aliyemtengenezea ili afukuze ndege kwenye mpunga wa Ahero, bado si kosa. Ni kifaa cha kazi, na watoto wa Kano wamekishika tangu mabibi na mababu. Lakini tuseme jirani amekuja mara mbili kulalamikia kuku wake aliyevunjwa mguu na dirisha lililopasuliwa, na baba akacheka akasema "vijana ni vijana." Hapo baba ameingia. Alijua, na alikuwa na uwezo wa kuikata mipira kwa kisu cha jikoni.

Sasa tugeukie shule. Mwalimu wa zamu aliinyakua manati hiyo Jumatatu, akaiweka juu ya meza ya ofisi ya walimu kati ya chaki na vikombe, na Ijumaa mvulana akaichukua akijiendea. Au hakuna aliyeinyakua, kwa sababu saa nne walimu wote wako ofisini wakinywa chai na uwanja wenye watoto elfu moja umeachiwa viranja wa miaka 13. Au embe hizo zimepopolewa kila msimu tangu mti ulipozaa, kila mtu anajua, na bomba la maji liko papo hapo chini ya mti. Jiwe ni lile lile na jicho ni lile lile. Anayelipa anabadilika kulingana na nani alijua nini, na nani alikuwa na nafasi ya kufanya nini kabla jiwe halijaruka. Hili ndilo swali ambalo mahakama huuliza, na kwa bahati mbaya ndilo ambalo kikao cha chifu hakiulizi.

Kipimo cha mwalimu kilitolewa Uingereza mwaka 1893: amtunze mwanafunzi kama mzazi mwangalifu angemtunza mwanawe. Kipimo kizuri, ingawa jaji aliyekitamka hakuwa na mzazi mwenye watoto elfu moja akilini. Kesi iliyonielimisha zaidi ni ya mwaka 1955, kutoka Carmarthenshire huko Wales. Mwalimu wa chekechea alikuwa akimhudumia mtoto aliyeanguka. Kwa dakika chache hizo mtoto mwingine, ambaye hakuwa amefikisha miaka minne, alitoka darasani, akapita lango, akaingia barabarani. Dereva wa lori akamkwepa, akagonga nguzo, akafa. Mjane wake akaenda mahakamani. Majaji wa mwisho kabisa walisema mwalimu hana kosa. Alikuwa akifanya kazi yake. Aliyelipa ni baraza lililomiliki shule, kwa kuwa mtoto wa umri ule hakupaswa kuweza kutoka kirahisi hivyo, na baraza halikuwa na maelezo.

Niieleze tena kwa lugha ya kwetu: mtoto wa chekechea anaweza kusababisha kifo cha mtu mzima asiyemjua, bila kosa la mtoto, bila kosa la mzazi, bila kosa la mwalimu, na bado mwenye shule akalipa. Pita barabara ya Kisumu kwenda Busia, au ile ya Nakuru kwenda Eldoret, uhesabu malango ya shule yanayofungwa kwa waya au kwa kamba ya sisali. Sheria yetu ya wenye majengo, Sura ya 34, inaongeza kwamba anayemiliki mahali lazima atarajie watoto kutokuwa waangalifu kama watu wazima. Mwalimu mkuu anayejitetea kwa kusema "watoto walikuwa wakicheza" ameeleza kazi aliyoajiriwa kuisimamia.

Walimu watakaosoma hapa watakasirika, na wana haki. Tangu Januari 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi. Mvulana wa miaka 15 aliyekwisha kuvunja sauti anacheza mpira katika uwanja mmoja na mtoto wa gredi ya kwanza, na aliyepanga hivyo si mwalimu wa zamu. Mwalimu mmoja kwa uwanja mzima si uzembe wake binafsi. Ndiyo maana nasema kesi ya aina hii isimlenge mwalimu. Imlenge mwenye mpango: bodi ya shule, tume ya kuajiri walimu (TSC), wizara. Aliyeamua kuchanganya watoto wa miaka 6 na vijana wa miaka 15 bila kuongeza macho ya kuwatazama hawezi kusema hakuona hatari. Hali ni ile ile kwa shule zinazowalazimisha watoto wa kutwa kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati mwalimu wa kwanza anaingia saa moja na nusu. Ukimwita mtoto, umempokea.

Mahakama zetu zimewahi kukanyaga eneo hili. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa kingono na mwalimu katika shule moja ya Nakuru. Jambo lenyewe ni tofauti na zito zaidi, maana aliyeumiza alikuwa mtu mzima aliyekabidhiwa watoto. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba TSC na serikali hazikuruhusiwa kujitenga na kusema mkosaji ni mtu mmoja. Ziliwajibishwa pamoja naye, na fidia ikawekwa shilingi milioni 2 kwa mmoja na milioni 3 kwa mwingine. Mtoto aliyekabidhiwa shule amekabidhiwa dola.

Tena si kila madhara yanayotokea kati ya watoto yana mkosaji mdogo wa kunyooshewa kidole. Tarehe 3 Februari 2020, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi wakati wa kutoka darasani, na zaidi ya kumi wakafa.  Hakuna mtu mwenye akili aliyependekeza wazazi wa watoto waliokuwa nyuma walipe. Kila mtu aliuliza kuhusu ngazi, upana wake, idadi ya watoto, na walimu walikuwa wapi. Sielewi kwa nini maswali hayo yanatujia upesi wakifa watoto wengi, na hayatujii kabisa akipofuka mmoja.

Nimetaja kikao cha chifu. Huko ndiko kesi nyingi huzikwa, na nitakaa hapo kidogo.

Kikao chenyewe hufanyika asubuhi, benchi mbili zikitazamana. Chifu au naibu wake yuko katikati. Upande wa magharibi atakuwepo na liguru, yaani mzee wa kijiji, mjini mzee wa nyumba kumi. Mwalimu mkuu amemtuma mwalimu wa nidhamu. Maneno ya kwanza ni ya amani. "Mama, sisi sote ni wazazi. Leo ni kwako, kesho ni kwangu." Baba wa mvulana anasema hana kazi ya kudumu. Wazee wanamtetea, halafu wanambana, halafu wanakadiria. Mwishowe karatasi ya fulskapu inaandikwa: familia ya mvulana itatoa shilingi elfu tano za matibabu kwa awamu mbili, na hakuna upande utakaolifuatilia jambo hili tena. Sahihi, kidole gumba, muhuri wa ofisi. Shule haikutoa hata senti, wala jina lake halimo kwenye karatasi.

Siidharau njia hii. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaitambua mizizi yake, na kwa majirani watakaoendelea kuchota maji kisima kimoja amani ina thamani kuliko hukumu. Dirisha la jirani lizungumzwe huko, na kuku pia. Jicho ni mambo mengine. Kwenye kikao hicho wapo watu watatu wenye masilahi, na aliyekuwa na wajibu mkubwa zaidi ametuma mwakilishi wa kushuhudia maskini wawili wakigawana hasara. Mama naye ameweka kidole kwa niaba ya mtu ambaye hajafikisha miaka 10, atakayeishi na jicho hilo miaka sitini. Kesi ya mtoto ikishafika mahakamani, mzazi hawezi kuimaliza kwa mapatano bila ruhusa ya hakimu, kwa sababu sheria inajua mzazi aliyebanwa na bili hukubali chochote. Kwenye fulskapu hakuna hakimu wa kuangalia.

Njia ya polisi haimsaidii mama huyu pia. Ataandikisha OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, atajaza fomu ya P3 ya daktari kuhusu jeraha, na atagundua kwamba tangu Sheria ya Watoto ya 2022 mtoto aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai kabisa, na aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Zamani mpaka ulikuwa miaka 8. Mabadiliko hayo ni mema. Sitaki kuona mtoto wa miaka 11 korokoroni kwa sababu ya embe. Lakini ile OB na P3 azihifadhi. Jinai ikifungwa, madai hayafungwi, na karatasi hizo ni ushahidi wa siku na wa kiwango cha jeraha.

Asichelewe. Madai ya kawaida ya madhara ya mwili yana miaka mitatu. Dhidi ya serikali, na shule ya umma inakupeleka huko haraka, ni miezi 12 tu. Watu husikia kwamba muda wa mtoto husubiri mpaka atimize miaka 18 na wakalala. Kwa mtoto anayeishi na wazazi wake kuegemea hilo ni hatari. Mwaka mmoja ni mfupi sana kwa familia ambayo miezi sita ya kwanza iko kwenye foleni ya hospitali ya Jaramogi mjini Kisumu, kisha Hospitali ya Macho ya Sabatia huko Vihiga, ikiulizia kama jicho linaweza kuokolewa. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza kesi kwa siku 60, na Kisumu na Nakuru zinayo. Sheria yake inataja fidia ya madhara ya mwili, ingawa majaji wamevutana kuhusu upana wa uwezo huo. Ulizia wakili kwanza.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: mzazi alipe, kwisha maneno. Alichovunja mwanao umevunja wewe. Ufaransa wanafanya hivyo. Tangu uamuzi wa mwaka 1997 wa mahakama yao ya juu ya kiraia, mzazi hulipa hata kama hakukosea lolote katika malezi. Wenye hoja hii huku kwetu husahau kutaja nusu ya pili: familia ya Kifaransa kwa kawaida ina bima ya nyumba inayobeba madhara ambayo watoto wanayasababisha. Jina kwenye hukumu ni la baba, hundi ni ya kampuni ya bima. Japani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2013 mahakama ya Kobe ilimwamuru mama mmoja alipe takriban yeni milioni 95 kwa sababu mwanawe wa miaka 11 alimgonga mwanamke kwa baiskeli na kumwacha bila fahamu. Hapakuwa na familia ya kawaida yenye pesa hizo. Miaka miwili baadaye mkoa wa Hyogo, ambao Kobe ndio makao yake makuu, ukawa wa kwanza kulazimisha bima kwa waendesha baiskeli. Mwaka huo huo wa 2015 Mahakama ya Juu ya Japani iliwaachilia wazazi wa mvulana aliyepiga mpira ukavuka lango la shule na kumfanya mzee mwenye pikipiki aanguke: mtoto alikuwa akicheza mpira mahali pa kuchezea mpira, wakasema majaji, na mzazi hawezi kumfuata mpaka hapo.

Lete sheria ya Kifaransa Nyalenda bila bima ya Kifaransa uone. Baba wa mvulana wa manati ataandikiwa laki nane, atauziwa kitanda na redio, na mama wa msichana atapata thamani ya kitanda na redio. Hatutakuwa tumelipa jicho. Tutakuwa tumeongeza familia moja kwenye umaskini, na shule itakuwa imepona kabisa, kwa kuwa lawama zote zimehamia nyumbani. Mimi napinga sheria hiyo waziwazi.

Bima ndiyo mahali ambapo mjadala huu ulipaswa kuanzia, na hapo ndipo tumezembea zaidi. Angalia shule yoyote ya umma asubuhi. Mpishi anayechochea githeri jikoni ana sheria ya mwaka 2007 inayomtaka mwajiri wake awe na bima ya kuumia kazini. Bodaboda iliyoegeshwa langoni haiwezi kuingia barabarani kihalali bila bima ya watu wengine, chini ya Sura ya 405. Ndani ya uzio kuna watoto elfu moja wanaosukumana, wanaopanda miti, wanaorusha vitu, na hakuna sheria inayomlazimu mtu yeyote kuwakatia bima. Shule nyingi za kibinafsi hufanya hivyo na kuiingiza kwenye karo kimya kimya. Kwa wanafunzi wa sekondari za umma tulikuwa na bima ya afya ya EduAfya chini ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tangu mwaka 2018. Ikakatika mwishoni mwa 2023, na tangu SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF, ianze Oktoba 2024 mtoto hutegemea kama mzazi wake amelipa. Shule za msingi hazikuwahi kuwemo, na huko ndiko manati ziliko.

Bima ya ajali kwa mwanafunzi hulipa bila kuuliza nani alikosea. Matibabu kwanza, kiasi fulani kwa kiungo kilichopotea, basi. Haifuti kesi dhidi ya shule iliyozembea. Inampa mama nauli ya Sabatia wiki ile ile badala ya miaka minne baadaye. Kwa hesabu ya kampuni ya bima, kundi la watoto wa kaunti nzima ni biashara nafuu kuliko mtoto mmoja mmoja. Na kampuni inayolipa itakuja kuuliza kuhusu mti wa embe juu ya bomba, maana pesa zitakuwa zake. Ukaguzi wa aina hiyo nauamini kuliko waraka wa wizara.

Kusubiri Nairobi ifufue EduAfya ni kusubiri mvua ya kiangazi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti chekechea zote za umma, walimu wake na majengo yake, na kwa hiyo lango la Carmarthenshire ni lango la kaunti. Kisumu, Nakuru, Vihiga na Kakamega zinaweza kuanza na watoto hao. Gavana hahitaji ruhusa ya Bunge kununua bima ya watoto walio kwenye daftari lake mwenyewe. Anahitaji mstari kwenye bajeti ya Juni, na wakili wa kaunti wa kuusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, ahakikishe hakuna kifungu kinachosema mtoto hatalipwa iwapo aliyemwumiza ni mtoto mwenzake.